Kakakuona wa Chang'ombe

Sehemu ya Tisa

Haya, sogeeni tuendelee. Wiki iliyopita tulimwacha Mheshimiwa Naima Marijani sebuleni kwa mama yake, Chang'ombe, mkono wake ukiwa juu ya kanga iliyofunika tenga, na tenga lenyewe likitikisika bila kuguswa na mtu. Baadhi yenu mlinipigia simu kunitukana kwa kukatishia pale. Nilizipokea zote, pamoja na ya yule mama wa Mwananyamala aliyeniita muuaji.

Naima akaifunua kanga.

Hakuwa kuku.

Ndani ya tenga kulikuwa na kitu kilichojikunja mviringo, magamba yamepangana kama vigae vya paa. Katikati ya magamba ikachomoza pua ndefu, ikanusa harufu ya pilau iliyokuwa ikiingia dirishani, ikarudi ndani.

"Mjomba," Naima alisema taratibu, kama anayeongea na mlevi mwenye panga. "Nini hiki?"

Mjomba Mashaka, mdogo wake mama, alikuwa amesimama nyuma yake, kifua mbele, akisubiri kupongezwa.

"Kakakuona."

"Namwona kuwa ni kakakuona. Nauliza anafanya nini hapa Chang'ombe."

"Kaja kutwambia kama utashinda Jumanne."

Naima akakaa. Hakuchagua pa kukaa. Alikalia mkoba wa mgeni mmoja, kilichokuwamo kikavunjika, na hakuna aliyejali.

Kwa nyie mliolipata gazeti hili leo likiwa limefungiwa vitumbua, mambo yako hivi. Jumanne, Bunge linapiga kura juu ya muswada wa kuwaondoa wanyama kadhaa kwenye orodha ya wanaolindwa na sheria. Kakakuona yumo, kasa yumo, wamo na vyura ambao hata walioandika muswada hawajawahi kukutana nao. Wakishatoka kwenye orodha, yeyote anaweza kuwakamata, kuwakausha, kuwauza au kuwatia kwenye supu.

Mwenye muswada ni Mheshimiwa Gaudens Revelian, mbunge wa kutoka bara aliyejenga jumba Kibamba. Hoja yake ni fupi: simba analeta watalii, kakakuona analeta nini? Aliyesimama kumpinga ni Naima. Alianza peke yake, wenzake wakimcheka, na sasa wako wabunge wengi wanaoyumba, wanaosubiri hotuba yake ya Jumanne ili wajue waangukie upande gani. Ndiyo maana familia imemfanyia dua. Turubai limefungwa uani, pilau imepikwa, na mjomba kaleta tenga.

Na kukutwa na mnyama huyo bila kibali ni jela. Si jela ya kuingia na kutoka. Ni jela ya kuota mvi. Naima mwenyewe amelisema hilo kwenye televisheni mara nyingi, kidole juu.

"Mmemtoa wapi?"

"Shambani kwa rafiki yangu, huko nyuma ya Kibamba," alisema Mashaka. "Alikuwa anajipitia zake."

"Mkamkamata."

"Tusisingiziane," alidakia Bi Hamisa, akitokea jikoni na sinia. "Hatujamkamata. Tumemwalika."

Bi Hamisa ndiye mama mzazi wa Naima, mzaliwa wa mji huu na wazazi wake na wazazi wao. Miguu yake ina matatizo, mdomo wake hauna. Juu ya sinia alikuwa amepanga bakuli la maji, mchele kwenye kisosi, na kisu cha kukatia vitunguu.

Mila hii mnaijua. Kakakuona akionekana mahali, haachwi apite hivi hivi. Anatandikiwa nguo safi, anawekewa maji, nafaka na silaha. Akienda kwenye maji, mvua itanyesha. Akienda kwenye nafaka, mtavuna. Akienda kwenye silaha, kila mtu amuombe Mungu wake. Viongozi huitwa na suti zao kushuhudia, na hakuna anayemuuliza mnyama kama alikuwa na safari zake.

Ila Bi Hamisa alikuwa ameongeza vitu viwili. Picha ya Naima, aliyoikata kwenye kalenda ya jimbo, na picha ya Gaudens, aliyoikata kwenye gazeti. Si gazeti hili, msianze.

"Mama, mie kazi yangu yote ni kusema mnyama huyu asiguswe."

"Ndiyo maana tukamleta yeye. Wewe ndiye unayemtetea, atakukana vipi?"

"Mtafungwa!"

"Atufunge nani? Wewe si mbunge?"

Naima alikuwa anatafuta jibu la hilo alipoingia Bupe, katibu wake, mwanadada wa Mbeya mwenye bidii iliyopita kiasi. Alikuwa ameinua simu usawa wa uso, kama alivyokuwa ameiinua tangu asubuhi.

"Mheshimiwa, samahani. Watu wanauliza huyo ni mjusi wa aina gani."

"Watu gani?"

"Wa kwenye komenti. Si ulisema dua iende mubashara ili wananchi waone?"

Naima akainuka juu ya ule mkoba.

"Bupe. Tuko laivu tangu lini?"

"Tangu kisomo, Mheshimiwa. Na wamependa! Sijawahi kuona watu wengi hivi."

Naima aliichukua ile simu akaizima. Kisha akatoa ya kwake, akaanza kubonyeza.

"Unampigia nani?" aliuliza Bi Hamisa.

"Watu wa maliasili."

"Unamshitaki mama yako mzazi?"

"Namwokoa mnyama. Na nyie pia, nikiweza." Simu ikapokewa. "Haloo, naitwa Naima Marijani, mbunge. Nina kakakuona hai nyumbani kwa..."

"Shikamoo Mheshimiwa," ilijibu sauti. "Tumeshaona. Gari limeshatoka."

Hapo ushauri ukaanza kumiminika. Mashaka alitaka mnyama atiwe kwenye buti akaachiwe msitu wa Pugu. Bi Hamisa alipendekeza chini ya kitanda. Bupe, aliyekuwa ameanza kulia, alishauri waseme ni wa plastiki.

"Kanusa pilau mbele ya taifa zima, Bupe. Wa plastiki ananusa?"

Mlango ukagongwa kwa adabu, ukafunguka. Aliyeingia ni Mheshimiwa Gaudens Revelian, kijiti mdomoni.

Msishangae. Bi Hamisa ndiye aliyemwalika. Wabunge wanararuana Dodoma, wakirudi huku wanaalikana shughuli, na Gaudens, Mkatoliki wa kuzaliwa, hajawahi kukosa pilau ya dua. Alikuwa amevaa kanzu ya kuazima iliyomwishia kwenye ugoko, na kofia iliyomkaa kichwani kama mfuniko wa sufuria nyingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula mpaka naona aibu. Ukoko umeisha?"

"Nimekuwekea."

"Mama!" alifoka Naima.

"Sasa nimnyime ukoko kwa sababu ya Bunge?"

Gaudens alikuwa ameshafika kwenye tenga. Alichungulia, na tabasamu likamtambaa usoni mpaka kijiti kikaanguka.

"Kwa hiyo ni kweli! Mimi kwenye simu nilidhani ni yale madoido yenu ya picha."

Akarudi, akaufunga mlango vizuri.

"Mheshimiwa mwenzangu, tuongee kikubwa. Jumanne unasimama, unasema umetafakari upya, unaunga mkono hoja. Wale wanaoyumba wanakufuata. Muswada ukipita, huyu hapa ni sawa na kuku. Nani atahangaika kumfunga bibi wa watu kwa ajili ya kuku?"

"Na nikikataa?"

"Sheria inabaki. Ile ile unayoipenda. Inabaki, na mama inaondoka naye."

Nisiwafiche, Naima alitamani kukubali. Alimtazama mama yake, ambaye akikaa mkekani anahitaji watu wawili kumwinua, akamwona kwenye sakafu ya mahabusu. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika kooni.

Badala yake akauliza, "Gaudens, maishani mwako umeona kakakuona wangapi?"

"Huyu wa kwanza."

"Na ulivyozeeka hivyo."

"Usinizeeshe."

"Umezaliwa kijijini, umekulia porini ukichunga, mwenyewe unajisifia kwenye kampeni. Umefika umri huu, na wa kwanza kumwona ni wa kuletwa kwenye tenga. Hiyo ndiyo hotuba yangu yote. Wako wachache kiasi hicho, na wewe unataka kuwafungulia milango wenye masufuria."

Gaudens akalichungulia tenga tena. Kwa kitambo kifupi alionekana kama mtu anayefikiri, na kwa wanaomfahamu hilo si jambo dogo.

Ingekuwa hadithi ya watu wenye akili, pengine wangeelewana pale pale. Lakini Bi Hamisa alikuwa amechoshwa na siasa. Wakati wao wanabishana, alishatandika shuka jeupe sakafuni, akalipanga sinia lake, na kumwamuru Mashaka alipindue tenga.

"Mama, acha!"

"Kashakuja, kashaonekana, gari linakuja. Angalau atwambie."

Mnyama alibingirika mpaka katikati ya shuka, akatulia. Kisha akajikunjua polepole. Akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono kaikunja kifuani, akaanza kutembea kama mwenyekiti wa mtaa anayekagua mtaro.

Wote wakasogea. Naima mwenyewe, mwenye shahada yake, alijikuta anatazama.

Akayapita maji. Akaupita mchele. "Si kisu, si kisu, si kisu," alinong'ona Mashaka, na kisu nacho kikapitwa. Akafika kwenye picha ya Naima, akainusa. Bi Hamisa akaweka ulimi tayari kwa kigelegele.

Mnyama akaikanyaga ile picha, akaendelea. Akaikanyaga na ya Gaudens. Mbele yake palikuwa na kitu kimoja tu chenye giza: pindo la kanzu ya kuazima.

Akaingia.

"Ananipanda!" Gaudens alipiga ukelele ambao sijui kama kumbukumbu za Bunge zingeweza kuuandika. "Jamani, ananipanda! Mtoeni! Ana kucha!"

Mlango ukasukumwa kutoka nje. Wageni wakajaa sebuleni, mmoja bado ana mwiko mkononi. Waliona shuka, wakaona sinia, wakaona mkia wa magamba unaning'inia chini ya kanzu ya Mheshimiwa Gaudens. Hawakuhitaji maelezo. Mila wanaijua.

"Kamchagua!" alisema mwenye mwiko.

"Jamani, kajificha!" Naima alipaza sauti. "Ni mnyama wa gizani, kaona giza kaingia!"

Ni kama alikuwa anayahutubia masufuria. Kigelegele cha kwanza kikapasuka, kikafuatwa na vingine. Watu wale wale waliotoka kumwombea dua, wali wake ungali kwenye meno yao, wakawa wanamshangilia Gaudens na kumrekodi kwa simu. Naima aliumia kuliko alivyowahi kuumizwa na wapinzani wake wote.

"Mjomba, hata wewe?"

Mashaka alikuwa anapiga makofi. "Mie damu yako, Naima. Lakini huyu mnyama hakosei."

Gaudens alipoona simu zimeinuliwa, hofu ikamtoka. Mwanasiasa ni mwanasiasa hata akiwa anakwaruzwa mapaja. Alipenyeza mkono, akamtoa mnyama aliyekuwa amejikunja tena, akamwinua juu ya kichwa kama nahodha na kombe.

"Ndugu wananchi! Mnyama mwenyewe kasema! Mnyama mwenyewe anaunga mkono muswada!"

"Nani mwenye huyo mnyama?"

Sauti hiyo haikuwa ya mgeni. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi mwenye sare na buti: Afande Rosalia, ofisa wa wanyamapori, na nyuma yake askari wawili.

Vigelegele vikakatika. Kila mtu akamtazama Gaudens, na Gaudens mikono bado iko juu.

"Nauliza mara ya pili. Maana sheria ya kukutwa haina maneno mengi. Wa kwanza kuondoka nami ni yule niliyemkuta naye."

"Afande, mimi ni mbunge."

"Naona. Mshike hivyo hivyo, Mheshimiwa, usije ukamdondosha. Upo chini ya ulinzi."

Jasho likatokea chini ya ile kofia. Gaudens akageuza shingo peke yake, mikono ikabaki hewani.

"Naima," alisema. "Waambie."

Mnaona ilivyogeuka? Naima hakutakiwa kusema uongo hata mmoja. Alitakiwa kukaa kimya tu. Akikaa kimya, Gaudens anaondoka na pingu, muswada unakufa kabla ya Jumanne, kakakuona na kasa na vyura wanabaki na sheria yao, na mama anarudi jikoni.

Bi Hamisa alimfinya kiunoni. "Nyamaza, mwanangu," alinong'ona. "Mungu kajibu dua."

Naima akanyamaza. Ndiyo, alinyamaza. Msimfanye malaika, alinyamaza kitambo cha kumeza tonge, na lile tonge lilikuwa tamu.

Halafu likamkwama. Miezi yote Gaudens amekuwa akihubiri kwamba sheria hii ni mtego wa kunasia watu wasio na hatia. Kila aliposema, Naima alisimama na kumwita mwongo. Leo mtu asiye na hatia, walau ya leo, amesimama mbele yake, na mtego ameushika yeye Naima. Akinyamaza, Gaudens atakuwa alisema kweli.

"Afande, mwachie," alisema. "Si wake. Mnyama kaletwa na familia yangu."

Gaudens alimtazama kama mtu aliyerudishiwa simu na mwizi.

"Familia ni watu wengi, Mheshimiwa," alisema Afande Rosalia. "Nani hasa?"

Wageni wote wakagundua kwamba dari ya nyumba ile ni nzuri mno. Mashaka hakuwapo. Pazia la dirisha la nyuma lilikuwa linapepea, na kandambili yake moja imebaki sakafuni.

"Ni mie," alisema Bi Hamisa, kidevu juu. "Nilitaka kujua kama mwanangu atashinda. Kuna kosa gani mzazi kutaka kujua?"

"Bibi, shikamoo," alisema Afande. "Twende taratibu."

Alitoka mwenyewe, bila kushikwa, kajitanda kanga yake mpya kama anayekwenda harusini. Jirani mmoja alimpungia mkono, naye akapunga. Mnyama alirudishwa kwenye tenga, tenga likawekwa kiti cha mbele, likafungwa mkanda. Kisha askari akafungua mlango wa nyuma.

Bi Hamisa akaona nyavu za chuma. Akaona benchi la bati na kufuli linaloning'inia. Akasimama.

Ilibidi askari wamnyanyue kumpandisha, maana miguu ilikataa. Alipokaa juu ya lile benchi, hakuwa tena yule mwanamke wa sinia. Alikuwa mdogo, kanga imemporomoka kichwani, na hana mkono wa kuirudisha.

"Naima," aliita. "Mpe huyo mtu anachotaka."

"Mama..."

"Mpe nirudi kwangu. Mnyama tu, Naima. Mie mama yako."

Gaudens alikuwa ameshafika ubavuni mwao, kofia kaikalisha sawa. Kuokolewa kulikuwa kumeshasahaulika.

"Neno moja, Mheshimiwa," alisema kwa upole wa mwenye duka. "Sema hapa hapa unaunga mkono, simu zote hizi zikusikie. Kabla gari hili halijaingia barabarani, nitakuwa nimeshawapigia ninaowajua."

Simu zilikuwa zimeinuliwa toka langoni hadi barabarani. Naima alizitazama, akamtazama Gaudens, akalitazama tenga kwenye kiti cha mbele. Mwisho akamtazama mama yake, na hilo ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu machozi yakamtoka mbele ya jimbo zima.

"Basi sema, mwanangu," alisema Bi Hamisa.

Naima akamgeukia Afande Rosalia.

"Funga mlango, Afande."

Mlango ukafungwa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwenye mwiko alisema, "Yarabi," na kurudi ndani.

Bi Hamisa hakulia. Alikaa akimtazama mwanawe kupitia nyavu, muda mrefu, mpaka uso wake ukakauka. Dereva akawasha gari.

"Gaudens, baba," aliita. "Hebu sogea hapa dirishani. Kuna jambo la huyu mwanangu hulijui. Ukilijua, Jumanne hatathubutu kusimama."

Gaudens akakunja kanzu ya watu mpaka magotini, akalikimbilia gari.

Naima hakuuliza ni jambo gani. Alilijua. Nanyi mtalijua wiki ijayo.